Kilo Mbili za Datius

Mwaka 1973 Datius wa Kishanda aliwapiga mabondia wote wa mkoa, akaitwa Bukoba mjini kwenye mchujo wa timu ya taifa. Alipopanda kwenye mizani, akakutwa amezidi uzito wake kwa kilo mbili.

"Kimbia hadi Hamugembe urudi," kocha akamwambia. "Jasho litazitoa."

Alikimbia vizuri mpaka alipopita nyumbani kwa shangazi yake, Kokubanza.

"Mwanangu, umekonda hivi?" shangazi akauliza, akimshika mkono. "Hupiti hapa bila kula."

Datius hakuthubutu kumkatalia. Alikula ndizi na samaki, akaongezewa mara mbili.

Aliporudi, alikuwa amezidi kilo tatu na nusu. Timu ikaondoka bila yeye, na hakuitwa tena. Alihuzunika sana, ingawa alikiri kwamba samaki alikuwa mtamu.