Wako Bibi, Wangu Redio Kaseti?

Uvumi ule ulimganda Sihaba kama tope la bondeni: eti mtoto akisemea kwenye redio kaseti ya Dokta Bashiru, maneno yake yanabaki mle ndani. Jirani yake Mwanaharusi ndiye aliyemwambia, kisimani hapo Kibiti. Sihaba akacheka. Alipofika nyumbani kicheko kikamwishia. Binti yake Muzdalifa, mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akichonga mdomo kutwa, sasa alikuwa anaonyesha vitu kwa kidole tu.

Huyo Dokta kazi yake ilikuwa kuchunguza watoto wanavyojifunza kusema. Mara ya kwanza alikuja kwa basi, mwembamba, anaamkia hadi kuku. Watoto wa watu wakamjazia kaseti, akaenda zake kuitwa Dokta. Miaka ya ruksa, ya biashara huria, ilipoingia na wafadhili wakamiminika, akarudi na gari na kitambi. Safari hii alitaka mtoto wa Kiswahili kitupu. Akamchagua Muzdalifa, akamnasa sauti kwenye kaseti. Akamwachia Sihaba furushi la mitumba na sharti moja: bibi wa mtoto aondoke, maana Kindengereko chake kinamchanganya mjukuu.

Sihaba aliishia darasa la saba, na msomi akikohoa yeye huitikia. Akamsafirisha mama yake mzazi kwenda Maparoni, kule deltani, akalinde mpunga. Kumbe ndiye aliyekuwa akipiga soga na mtoto tangu asubuhi mpaka usingizi.

Dokta alipokuja tena, Sihaba alimpokea mlangoni.

"Dokta, mwanangu hasemi."

"Hasemi kabisa?" Jamaa akakenua meno, akabonyeza mtambo wake. "Safi sana! Kimya kama hiki nimekitafuta miaka. Na wewe mama usimsemeshe ovyo mpaka nimalize. Nina mkutano Ulaya."

"Akiwa bubu je?"

"Mama, hii ni sayansi."

"Na wako, nani anamlea?"

"Wangu? Analelewa na bibi yake. Hodari huyo! Kiswahili anacho, Kiingereza cha chekechea anacho, na Kimatumbi cha bibi ndiyo usiseme!"

Sihaba akamtazama kuanzia kitambi mpaka viatu.

"Wako bibi, wangu redio kaseti?"

Dokta akaanza maneno marefu. Sihaba hakuyasubiri. Furushi la mitumba alilitupia garini, likamwangukia dereva, na kesho yake akapanda mtumbwi na mtoto hadi Maparoni.

Bibi alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti shambani, anafukuza ndege kwa makelele. Muzdalifa akapandishwa, akakaa kampa mgongo. Bibi akaendelea kumsemesha, Kindengereko na Kiswahili, bila kudai jibu. Jua lilipokuwa kali, mtoto akageuka amevimba mashavu:

"Bibi, ulinikimbia!"

Sihaba, chini ya ngazi, akalia mpaka kamasi.

Dokta hakukosa pa kwenda. Kahamia Bungu, kapata mtoto mwingine wa kunyamazisha. Sasa anaitwa Profesa, na redio mpya za Dar zinamwalika awafundishe akina mama kulea. Mzazi gani huyo!

Enyi wenzangu wa Bungu na kwingineko, epukeni haya:

Kumtoa bibi nyumbani kwa amri ya mgeni.

Kuacha kumsemesha mtoto, hata siku moja.

Kuionea haya lugha ya kwenu.

Kupokea zawadi kabla hujajua mtoto atafanywa nini.

Kungoja mtaalamu akuambie kwamba mwanao ananyamaza.