Magazeti ya Tofi

Mbwa mdogo hafunzwi kwa fimbo, hufunzwa kwa saa. Wacera alilijua hilo tangu ujana wake kule Soy, alipomfanyia kazi mama mmoja wa Kizungu mwenye mbwa kumi na mmoja na asiye na mtoto. Kwa hiyo tajiri wake, Mama Mburu, alipoletewa Tofi, zawadi ya daktari aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, Wacera hakushtuka. Aliuliza tu magazeti ya zamani yako wapi.

Tofi alikuwa mbwa wa kupakatwa, wa kilo moja na nusu, mwenye masikio makubwa kuliko akili. Hangeweza kulala nje na Simba na Jimi, mbwa wa ulinzi, maana Jimi angemmeza bila kutafuna. Basi alilala ndani, na akakojoa ndani: kwenye zulia, kwenye mguu wa sofa, na siku moja kwenye kiatu cha Mzee Gathogo mwenyewe, mume wa Mama Mburu. Hilo peke yake lingevumilika. Lakini Simba na Jimi, walioruhusiwa sebuleni kila jioni, walinusa mkojo wa mgeni wakaona wamedharauliwa, nao wakainua miguu palepale. Nyumba ikanuka kama zizi.

"Wacera," Mama Mburu alisema, "wageni wa mzee wanakuja mwisho wa mwezi. Hii kapeti ikiwa bado inanuka, wewe na hako kambwa mtaenda pamoja."

Hakuwa anatania. Na Wacera hakuwa na pa kwenda. Kaka zake walikwisha kugawana shamba la baba wakamsahau makusudi. Chumba kile cha nyuma ya nyumba, chenye kitanda na kiti kimoja, ndicho kilichokuwa kwao. Wageni wenyewe walikuwa wakubwa wa chama. Gathogo alitaka udiwani, na huo ulikuwa mwaka wa kura za mlolongo, watu wakijipanga foleni nyuma ya mgombea wao. Mtu ambaye chama hakikumpenda hakufika hata kwenye foleni.

Wacera akaanza kazi. Alitandaza gazeti kando ya mlango wa jikoni. Kila Tofi alipomaliza kula, kila alipoamka, alimbeba hadi hapo akasubiri, hakufoka, hakumsugua pua. Akifanya vizuri, alimsifu kama mtoto aliyepita mtihani. Zulia alilisugua kwa siki mpaka harufu ikafa, ili Simba asiwe na la kujibu.

Siku ya kwanza Gathogo aliingia kunywa maji, akaona gazeti sakafuni, glasi nusura imtoke mkononi. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya Rais akifungua josho la ng'ombe.

"Toa hiyo haraka! Unataka nifungwe kwa sababu ya mkojo wa mbwa?"

"Sasa nitumie nini, mzee? Kila gazeti liko hivyo."

Na kweli, miaka ile picha hiyo haikukosa hata siku moja. Gathogo alikuna kichwa. "Basi kata uso," akasema. "Kata vizuri, weka mahali safi."

Ikawa hivyo. Kwa makasi ya cherehani ya Mama Mburu, Wacera alikata kila uso akautia ndani ya mfuko wa unga uliooshwa, akauweka juu ya kabati. Hakutupa hata mmoja. Mwisho wa mwezi ulipofika, Tofi alikuwa akienda kwenye gazeti mwenyewe bila kuitwa, na Wacera aliona fahari, kwa nini asione?

Wageni wanne wakaja. Walikula kuku, wakanywa chai, Tofi akiwa mapajani mwa Mama Mburu kama mtoto wa askofu. Katikati ya mazungumzo akaruka chini, akakimbia jikoni, akajisaidia kwenye gazeti. Wageni wakacheka. Kiprono, katibu wa tawi, akainuka kwenda kuona ajabu hiyo.

Kicheko kikakatika. Kiprono aliliinua gazeti kwa pembe kavu, na jicho lake likaonekana kupitia tundu.

"Nani ametoboa hapa?"

"Ni mimi, mzee." Wacera akauteremsha mfuko upesi. "Ziko hapa zote. Hakuna hata moja mbwa ameguza."

Kiprono alizimwaga mezani. Nyuso thelathini na kitu, uso mmoja ule ule.

"Kumbe ulijua ni nani," alisema polepole. "Ulijua, ukachukua makasi, ukamkata shingo."

Wacera akamgeukia Gathogo. Neno moja lingetosha. "Mzee, si uwaambie."

Gathogo alijifuta mdomo. "Huyu mama ana mambo yake," akasema. "Mimi sijui huwa anafanya nini huko jikoni."

Mama Mburu alikuwa amemrudisha Tofi mapajani. Alimpapasa masikio, hakuinua macho.

Siku nne Wacera alizuiliwa kituo cha polisi. Waliuliza nani alimtuma na alisoma vitabu gani, yeye ambaye hakuwahi kufundishwa kusoma. Walipochoka walimwachilia. Alipofika langoni alikuta vitu vyake ndani ya gunia, nje. Gathogo alikuwa amepitishwa bila kupingwa.

Mama Mburu akatoka kwa malapa. Hakufungua lango.

"Usinikasirikie, Wacera. Hayo ni mambo ya mzee." Akageuka kutazama nyumba. "Lakini si uniambie ulikuwa unamfanyia nini Tofi? Tangu uende anakojoa kila mahali, na wale wengine wanafuata. Magazeti nayo mzee amefungia stoo. Kuyatupa anaogopa, kuyachoma anaogopa."

Harufu ilikuwa imefika langoni kabla yake. Tofi alijipenyeza chini ya lango, akamrukia Wacera miguuni, mkia mzima ukitikisika. Wacera aliinama akamshika masikio. Kisha akamsukuma mbwa ndani taratibu, akajitwika gunia.

"Ni gazeti tu, Mama Mburu," akasema. "Muwekee gazeti. Lakini liwe zima, usikate kitu."