Kitambaa Chekundu cha Lamboni

Ngumbao, mwenyekiti wa wazazi, alikataa kiti. "Mama yako mchawi," akaniambia mbele ya mwalimu mkuu. "Nawe wamleta awafundishe watoto wetu."

Nilimleta, ndiyo. Darasa langu pale Vitengeni lilikuwa likisoma mazingira. Mama akawaeleza wanafunzi jinsi wazee walivyolinda miti inayotunza maji: walifunga kitambaa chekundu na kifuu cha nazi, na kila apitaye akajua hapa hapakatwi. Watoto wakafunga kitambaa kama hicho kwenye mikwaju ya lambo la shule. Tangu siku hiyo wachoma makaa hawajagusa tawi, na tanuri kubwa ni la Ngumbao.

"Ng'ombe wangu amekufa," akasema.

"Alikula mifuko ya plastiki. Ulimpasua mwenyewe, tukaiona."

"Usinifundishe. Mimi si mtoto wa darasa la nne."

"Hao huelewa."

Nje wazazi walijaa dirishani. Mmoja akauliza nyumba ya yule bibi mwenye mvi iko wapi. Aliuliza kwa sauti, ili nisikie. Huku kwetu kikongwe akishaitwa mchawi, wanawe humkuta amekatwakatwa shambani.

"Kahaso, kifungue tu hicho kitambaa," mwalimu mkuu Lewa akanong'ona. "Yaishe."

"Kifungue wewe, mwalimu mkuu."

Akatazama viatu vyake.

"Basi wewe, Ngumbao. Panga unalo."

Ngumbao akalihamishia panga mkono wa pili.

Nikaenda lamboni, wote nyuma yangu. Nikikifungua, mikwaju itakuwa makaa kabla ya wiki kwisha. Nikikiacha, watamwendea mama. Nikashika fundo, nikalikaza.

"Mama alikuja kupiga hadithi tu," nikasema. "Dawa ni yangu. Mwenye neno aje kwangu. Mie sina mvi, na mbio ninazo."

"Kwa hiyo mchawi ni wewe?" Ngumbao akauliza, akirudi nyuma.

"Sogea ujue."

Hakusogea. Dawa yenyewe ilikuwa kipande cha fulana ya michezo ya mwanangu.

Sasa wazazi wengine wamewahamisha watoto wao. Nikiingia dukani kwa Manilal, wanawake hunipisha foleni nzima. Nimemhamishia mama kwangu, naye haniongeleshi.

"Mie niliwafundisha heshima," aliniambia siku aliyohamia. "Wewe umeifanya uchawi."

Ngumbao bado hupita lamboni asubuhi, panga begani, akiangalia kama fundo limelegea. Mimi hupita kabla yake.