Herufi Mbili

Binti yangu alibakiza muhula mmoja awe mwalimu. Chuo chao ni cha dini, na kosa lake lilikuwa kuuliza. Mlezi wa imani alifundisha kwamba akili ya mwanamke imeumbwa kufuata, si kuongoza. Binti yangu akanyoosha mkono: "Mwalimu, umejuaje?" Akaambiwa aandike barua ya toba, mzazi aisaini, la sivyo afungashe virago.

Mzazi ni mimi peke yangu. Mama yake alishatangulia mbele ya haki. Mimi ni seremala, shule niliiachia darasa la tano.

Mkuu wa chuo, mama mmoja mkavu, aliipitishia macho ile barua. "Sawa. Baba, saini hapa."

Tangu niliposainishwa kupokea mbao mbichi kwa jina la mbao kavu, sisaini kitu sijakisoma. Nikafuata kwa kidole: "Nakariri kwamba akili ya mwanamke imeumbwa kufuata."

"Samahani mama mkuu," nikasema, "hapa kateleza. Si 'nakiri' hii? Kazidisha herufi mbili." Nikacheka. Nilitaka wajue hata fundi mbao anasoma.

"Baba, saini tu," binti yangu akasema, kainama.

"Nisaini makosa? Na wewe ualimu huo hapo mlangoni!"

Mkuu akavuta barua, akavaa miwani, akasoma upya.

"Umekosea, binti, au umekusudia?"

Kalamu ilikuwa pale pale mezani. Nilimkanyaga mguu aseme amekosea.

"Nimekusudia," akasema. "Kukariri naweza. Mnanipa maneno, nayarudisha. Kukiri ni mpaka niamini, na hilo siliamini."

Tuliondoka na sanduku lake siku ile ile, mimi nimelibeba begani. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

"Wao walipitisha macho tu," alisema tukiwa njiani. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nikahamishia sanduku bega la pili.

Siku hizi yuko mji mwingine, anauza kwenye duka la madaftari. Hunipigia simu kila Jumapili. Shikamoo, marahaba, afya, kazi, basi.

"Unasoma nini siku hizi, mama?" huwa namuuliza.

"Vitabu tu, baba."

Zamani angenieleza mpaka chai ipoe, na mimi nikijifanya naelewa. Sasa namsikia anahema tu upande wa pili, ananisubiri mimi nikate.