Kikapu Hakitoki Kitupu

Siku hiyo msukaji aliingia posta amejaa hasira mpaka pomoni, anatafuta wa kummwagia. Vikapu vyake viwili alivyouza mtandaoni vilifika nchi za watu, vikachomwa moto forodhani. Afadhali vingerudishwa. Vilichomwa kama takataka, eti vina uchafu wa mimea. Uchafu, na ukindu aliuchemsha mwenyewe, akauanika, akausuka mpaka vidole vikaota sugu.

Wenye mtandao walishamwambia: mzigo wa tatu usipofika, duka lake wanalifunga.

Wa tatu ndio huu, kaukumbatia kama mtoto mwenye homa. Mama yake, ambaye ndiye hufunga maboksi yote, aliketi kwenye benchi akijipepea.

Karani, ambaye mtaa mzima ulimwita Haiendi, alitikisa boksi. Ndani kukasikika chakarachakara.

"Haiendi."

"Kwa nini?"

"Inacheza ngoma, dada. Fungua."

"Sifungui. Nyie ndio mnaotia mikono kwenye mizigo yangu, halafu mnakaa hapo na nyuso za malaika. Kikapu kitupu kitalia nini, kina njaa?"

Foleni ikacheka. Haiendi akamsogezea mkasi.

Msukaji akakata utepe kwa hasira, akakipindua kikapu juu ya kaunta ili amwaibishe. Maharage yakamwagika, yakarukaruka mpaka kwenye mizani.

Msukaji akageuka polepole. Kule kwenye benchi, kujipepea kulikuwa kumekoma.

"Mama."

"Kiganja kimoja tu."

"Na vile viwili?"

"Kile kikubwa nilitia viganja viwili. Lini uliona kikapu kinatoka kwetu kitupu? Kumpa mtu kikapu kitupu si sawa na kumfukuza?"

"Mama, wale wanaogopa mbegu za ugenini. Wakiona punje moja wanachoma na kikapu chake. Na mimi kutwa nawatukana watu wa watu hapa."

"Wanachoma chakula?" Mama akasimama, hasira sasa ikahamia kwake. "Watu gani hao wanachoma chakula, na wewe unawasukia vikapu?"

"Ndio wanaotulisha, Mama."

Haiendi akaokota punje zote, akapitisha kidole kwenye kila mkunjo wa ukindu.

"Sasa inaenda."

"Ngoja kwanza," mama akasema. Akaja mpaka kaunta, akakiinamia kikapu, akanong'ona maneno marefu ndani yake. Kisha akamkazia karani macho. "Salamu nazo wanachoma?"

Haiendi akafikiri sana. "Hazijakatazwa."

Foleni ikacheka tena. Msukaji hakucheka. Akafunga boksi, akavuta utepe mpaka ukapiga kelele, akazungusha, akazungusha tena. Na kabla hajalisukuma boksi upande wa pili, akamgeukia mama.

"Hebu nionyeshe mikono."