Sabuni Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Mwaka tisini na tatu, kiwanda cha nguo kilipowapunguza watu mia tatu kwa karatasi moja iliyobandikwa getini, Mwinjuma na Tunu waliamua kupika sabuni ya mafuta ya nazi uani kwa Tunu, Mbagala. Tunu alijua kupika. Mwinjuma alijua kusema, basi akajipa ukurugenzi.

Miezi miwili Tunu alikoroga, akaungua mikono, akamwaga sufuria tatu zilizokataa kuganda. Miezi hiyo hiyo Mwinjuma alikuwa Kariakoo: leo anafuata mhuri, kesho anamsimamia mchora kibao, keshokutwa yuko kwa seremala, anachongesha umbo kubwa la kugandishia sabuni lenye herufi za jina lake.

"Kaka, nenda basi sokoni ukawaulize wanaonunua," Tunu alimwambia.

"Hayo madogo hayo, dada. Kwanza tuonekane."

Sufuria ya nne ikakubali. Bi Raudha, mwenye meza ya sabuni pale sokoni Rangi Tatu, akainusa, akaifulia kanga, akasema atachukua mpiko mzima unaofuata, mradi aupate Alhamisi mchana, kabla watu hawajafua nguo za Idi.

Jumatano asubuhi Tunu alimimina kwenye lile umbo kubwa. Jioni akachukua kisu.

"Weka chini," Mwinjuma akasema. "Mgeni rasmi ndiye atakayekata kipande cha kwanza. Kesho saa tatu."

"Sabuni ya nazi haingoji kesho. Ikipitiliza inakuwa jiwe."

"Usiku mmoja tu, Tunu! Barua imeshakwenda, tena ina mhuri."

Alhamisi turubai likafungwa, wenzao wa kiwandani wakaja na mashati yaliyopigwa pasi. Saa tatu ikapita. Saa tano. Saa saba Bi Raudha alikuja na beseni, akaambiwa asubiri kidogo. Alisimama mpaka jua likamchosha, akaondoka na beseni lake tupu.

Mheshimiwa alifika saa kumi. Akapewa kisu, akakandamiza. Hakikuingia. Akakandamiza kwa mikono miwili, sabuni ikapasuka kwa kishindo, vipande vikaruka, kimoja kikatua juu ya kiatu chake. Alitabasamu, akapigwa picha, akaondoka.

Aliyesema wa kwanza ni Mwishehe, waliyeshona naye kiwandani miaka kumi na moja.

"Bwana Mkurugenzi, unakumbuka themanini na mbili? Saa sita juani, tunamngoja mkubwa aje afungue mashine isiyokuwa na hata uzi. Nani vile alipanda juu ya pipa akawatukana mameneja?"

Watu wakacheka. Mwinjuma alikumbuka. Alikumbuka hata pipa lenyewe, na jinsi alivyopaza sauti: hawa wanajua kukata utepe tu! Alihisi masikio yanawaka. Heri Tunu angemfokea. Lakini Tunu alikuwa amechuchumaa, anaokota vipande kwa mikono yake yenye makovu na kuvitia kwenye beseni.

Mwinjuma akalichukua lile beseni la vipande, akaenda nalo Rangi Tatu, tai shingoni. Meza ya Bi Raudha ilikuwa imejaa sabuni ya mtu mwingine.

"Shikamoo, Bi Raudha."

"Marahaba. Umechelewa, baba. Nimeshapata."

Hotuba yote aliyoipanga njiani ilimwishia mdomoni. Likabaki swali moja.

"Wateja wako wanapendaga kipande cha ukubwa gani?"

Bi Raudha aliitazama tai, kisha akainua vidole vitatu, akavibana pamoja. "Hiki. Kinachoisha kwa beseni moja la nguo. Lile libao lako nani alibebe? Miezi miwili unapita hapa na makaratasi kwapani, mwanangu, hujaniuliza hata siku moja."

Kwenye vidole vitatu haikuenea hata herufi ya kwanza ya jina lake.

Mwinjuma aliweka beseni chini. Akavua tai, akaizungusha kwenye vidole vile vya Bi Raudha kupima, akapiga fundo pale kipimo kilipoishia. Alifanya hivyo ameinama, maana uso wa yule mama hakuweza kuutazama.