Ua wa Shangazi

Saa moja na dakika kumi asubuhi, maji katika kisima cha uchunguzi namba nne yalikuwa mita kumi na nane chini ya uso wa ardhi. Mvua ilikuwa imekatika nusu saa kabla. Mpimaji wa idara ya maji alikunja utepe wake, akaandika namba, kisha akayafuata maji ya mvua.

Yalipita kandokando ya ukuta wa kiwanda, yakapanda kilima cha hospitali, yakavuka barabara kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Magari yalisubiri. Bonde lote la mto lilikuwa limefunikwa kwa lami na saruji, kwa hiyo huu mwaka wa sita mvua iliyotaka kuingia ardhini ilikwenda kwenye ua wa shangazi wa mpimaji: hatua kumi na mbili kwa tisa, udongo mtupu. Visima vyote vya mji viliishi kwa ua huo.

Shangazi alikuwa ameshikilia mlango wa uani.

"Taratibu, msisukumane!" aliyaambia maji. Akamgeukia mpimaji. "Na wewe, mwana wa kaka, umekuja kunisalimia au kupima?"

"Shikamoo, shangazi. Vyote viwili."

"Marahaba. Salamu yenyewe umekumbushwa. Haya, soma barua hii."

Manispaa iliandika kwamba majirani wamelalamikia tope. Ua ungemwagwa zege Alhamisi, isipokuwa idara ya maji ithibitishe kwamba unahitajika.

Mpimaji alithibitisha kwa kurasa nne. Mkuu wa idara alizisoma zote, hakupinga hata mstari mmoja.

"Kazi safi. Ila fomu inataka wastani wa mvua inayoingia ardhini kwa bonde zima."

"Wastani ni asilimia nane ya mvua, mkuu. Yote inapitia ua mmoja."

"Nane si haba. Hata mwaka jana tulipata nane."

"Ua ukifungwa itakuwa sifuri."

"Ikiwa sifuri tutaandika sifuri. Fomu ya mwakani ipo."

Akajaza: nane, inaridhisha. Mpimaji alitia saini, kwa kuwa hesabu haikuwa na kosa.

Alhamisi zege lilimwagwa. Shangazi alitazama kupitia dirisha la jikoni.

"Wamesawazisha vizuri," alisema. "Fundi huyu mkono wake haulaumiki."

Jumamosi alasiri mvua ilinyesha milimita thelathini na moja. Saa kumi na moja maji yalifika mlangoni, yakasimama. Mstari ulirudi nyuma hadi ng'ambo ya kivuko.

"Jamani, hapa njia imefungwa," shangazi aliyaambia. "Nami sina uwezo."

Hayakuondoka. Mpimaji alipima urefu wa mstari, kwa kuwa hakuna kingine alichoweza kufanya.

Jumapili jua lilikuwa kali. Ya mbele yalipokauka, ya nyuma yalisogea hatua moja. Saa tisa na dakika ishirini maji ya mwisho yalifika mlangoni, yakakauka.